Mpishi Hakushika Usukani

Nchi yetu haimo kwenye ramani uliyo nayo, msomaji, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ukiona inafanana na nchi fulani unayoifahamu, hayo ni maradhi ya macho, na kwetu maradhi hayo hutibiwa bure, mgonjwa atake asitake. Mimi naitwa Chande. Nilikuwa karani daraja la tatu katika Idara ya Hisia za Watazamaji, na sasa ni karani daraja la pili. Namna nilivyopanda daraja ndiyo habari yenyewe. Naomba uniache niieleze polepole, maana sijawahi kuieleza popote na hainipi raha.

Kwanza ujue kwamba sisi ni watu wa kipindi kimoja. Kila Alhamisi, saa kumi kamili alasiri, televisheni ya taifa huonyesha "Twende Zuhali", na nchi nzima huketi katika Kumbi za Kutazama. Ni habari za chombo kilichoondoka duniani kwenda sayari ya Zuhali chini ya Kapteni Jabali. Kiliondoka miaka thelathini na moja iliyopita na hakijafika. Kapteni ni yuleyule, koti lake ni lilelile, na nyota zinazopita dirishani ni zilezile. Iko moja yenye mkia uliopinda ambayo wataalamu wa kipindi wameihesabu ikipita mara elfu mbili na mia nne. Wataalamu hao wana maelezo kumi na tisa kuhusu jambo hilo, na yote yanathibitisha kwamba chombo kinakwenda mbele.

Mashabiki tunaitwa Wazuhali. Kwetu ushabiki hauombwi. Umeandikwa kwenye kitambulisho, chini ya tarehe ya kuzaliwa.

Kapteni tunamheshimu, lakini mapenzi yetu yalikuwa kwa Tatu, mpishi wa chombo, mama mnene mwenye aproni ya kijani yenye mifuko minne. Kila mwisho wa kipindi Tatu alitokea jikoni na bakuli la supu, akamtazama Kapteni, akamuuliza, "Tumebakisha?" Kapteni alitazama dirishani, akavuta pumzi, akajibu, "Kidogo." Hapo muziki unapigwa. Kwa miaka thelathini na moja nchi nzima iliuliza pamoja na Tatu na kujibu pamoja na Kapteni. Ukimuuliza Waziri barabara ya bandarini imebakisha nini, atakujibu "Kidogo", na watu watapiga makofi.

*

Kazi ya idara yetu ni kuchapisha gazetini, kila Ijumaa asubuhi, jinsi wananchi walivyokipokea kipindi cha jana yake. Ni ukurasa mzima: watu kumi na wawili, majina kamili na namba za nyumba.

Zamani, kabla sijaajiriwa, makarani walisubiri kipindi kionyeshwe, kisha wakaenda mitaani kuwauliza watu. Utaratibu huo ulikuwa na kasoro mbili. Ulichukua wiki nzima, na watu walisema mambo tofauti. Ndipo ikatungwa Kanuni ya Saba, ambayo ni siri, ingawa kila mtu anaijua: hisia ziandikwe Jumanne, kwa kufuata muhtasari wa kipindi unaoletwa kutoka juu, zichapwe Jumatano, zihisiwe Alhamisi, zisomwe Ijumaa.

Hakuna aliyelalamika. Mzee mmoja wa nyumba namba 40 alikuja ofisini kutushukuru, akasema hakuwa akijua kwamba anakipenda kipindi kiasi kile mpaka aliposoma.

Mkurugenzi wetu, Bwana Tindwa, ni mtu mwenye suti nyingi na sauti moja, ile ya kuhutubia uwanja, hata anapoomba chai. Siku yangu ya kwanza kazini alinisimamisha mbele ya dirisha.

"Chande!" alinguruma. "Wapo wasiotutakia mema wanaodai kwamba sisi tunatunga hisia za mwananchi. Je, tunatunga?"

"Sijui, mheshimiwa."

"Hatutungi! Mwananchi atahisi tu, hilo halina mjadala. Sisi tunamuwahi."

Nilifanya kazi hiyo miaka tisa. Niliwahi machozi ya watu, niliwahi vicheko vyao, na nikienda nyumbani nilikula nikashiba.

*

Jirani yangu alikuwa Bi Mwanamvua Saidi, fundi cherehani, nyumba namba 17. Kati ya uani kwake na uani kwangu upo ukuta unaonifika kifuani. Nilipokuwa mtoto yeye ndiye aliyekuwa na televisheni mtaani, kabla Kumbi hazijajengwa, na kila Alhamisi alifungua dirisha na kuigeuza ituelekee sisi tuliosimama nje, yeye akaiangalia kwa ubavu. Shingo yake hadi leo imeegemea upande mmoja. Hakuwahi kukosa kipindi hata kimoja. Makoti ya Kapteni wanayovaa Wazuhali siku za sikukuu alishona yeye, na aproni za Tatu alishona nyingi zaidi, maana zilikuwa zikitakiwa zaidi.

Macho yake yalikuwa yameanza kufifia, kwa hiyo kila Jumapili nilikwenda kumtungia nyuzi kwenye sindano, sindano za wiki nzima, na kuzichomeka kwenye kitambaa mojamoja. Jumapili moja alikuwa akipiga pindo la aproni huku anacheka peke yake.

"Unacheka nini, mama?"

"Namcheka Kapteni wako," akasema. "Chande mwanangu, wangemwachia Tatu usukani wiki moja tu. Wiki moja! Tungeshafika, saa hizi tungekuwa tunaanika nguo Zuhali."

Nikacheka mpaka sindano ikanichoma. Yalikuwa maneno ya uani, kati yangu, yeye na cherehani.

Jumanne muhtasari ukaletwa, mistari mitatu kama kawaida. *Kapteni anapata homa. Tatu anashika usukani kwa muda. Watazamaji wafurahi.* Nikaandika watu kumi na mmoja kwa mtindo wetu wa siku zote: nimefurahi kupita kiasi, sina la kusema, namshukuru aliyetuletea kipindi. Nilipofika kwa mtu wa kumi na mbili, nikachoka. Miaka tisa sijaandika sentensi hata moja yenye uhai, na nilikuwa nayo moja, tamu, imelala mdomoni tangu Jumapili. Nikaandika:

*Bi Mwanamvua Saidi, nyumba namba 17: "Tatu aliposhika usukani nilisimama nikapiga vigelegele. Angeachiwa wiki moja tu tungeshafika, saa hizi tungekuwa tunaanika nguo Zuhali."*

Nilijiona mwandishi. Nasema kweli, nilijisikia vizuri sana. Bwana Tindwa aliusoma ukurasa akafika hapo, akacheka mpaka akavua miwani kuifuta, kisha akatia sahihi chini: *Nimesoma. Ni hisia safi.*

*

Alhamisi niliketi ukumbini pembeni ya Bi Mwanamvua. Alikuwa amevaa aproni mpya. Mbele yetu alisimama Kiongozi wa Hisia na vibendera vyake: cha njano kwa kicheko, cheupe kwa machozi, cha kijani kwa makofi.

Kipindi cha 1613 kikaanza. Nikangoja homa. Kapteni akatokea mzima, shavu linang'aa. Nikangoja Tatu. Badala yake mlango wa jikoni ukafunguka akaonekana Kapteni mwenyewe, amevaa aproni ya kijani juu ya koti, mkono mmoja umeshika bakuli la supu na mwingine usukani, kwa kuwa usukani ulikuwa umehamishiwa jikoni.

Nahodha msaidizi akamuuliza, "Kapteni, Tatu yuko wapi?"

Kapteni akamtazama kwa upole. "Tatu gani?"

Kibendera cha njano kikapanda na ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka. Bi Mwanamvua hakucheka. Alikaa wima, mikono ndani ya mifuko ya aproni, akitazama mlango wa jikoni mpaka mwisho wa kipindi. Mwishoni hakukuwa na wa kuuliza, kwa hiyo Kapteni alitazama dirishani, akavuta pumzi, akasema tu, "Kidogo." Muziki ukapigwa.

"Sasa nani atauliza?" Bi Mwanamvua akaninong'oneza.

Nilikuwa nimekumbuka ukurasa wangu uliochapwa jana.

Baadaye nilisikia kilichotokea. Jumatano jioni, magazeti yakiwa yameshachapwa, mtu mmoja wa juu kabisa alisoma muhtasari akauliza swali moja tu: "Homa ya nani?" Alhamisi asubuhi kipindi kikarekodiwa upya.

Mlangoni Wazuhali walikuwa wameshaanza kukielewa kipindi. Wa kwanza akasema Tatu yuko likizo. Wa pili akasema supu sasa itakuwa na nidhamu. Mtaalamu wa kipindi, mwenye daftari la nyota, akasema ukichunguza kwa makini utaona kwamba kimsingi hakuwahi kuwepo mpishi, kulikuwa na supu tu. Mama mmoja aliyekuja na aproni akaigeuza ndani nje. Wengine wakaivua kabisa na kuikunja kwapani, maana haijulikani mtu anavaa nini sasa, vazi la mpishi au vazi la Kapteni. Tulipofika mtaani, aproni iliyobaki kiunoni ilikuwa moja tu, ya Bi Mwanamvua.

Ningeweza kumwambia njiani. Tulitembea pamoja mwendo wa robo saa, nikamshika mkono kuvuka mtaro. Ningesema, mama, kesho gazetini kuna maneno yako, nimeyaandika mimi, kimbilia kwa ndugu zako. Nilimwambia leo kuna joto.

"Ndiyo, kuna joto," akasema.

*

Watu kumi na mmoja wa ukurasa ule hawakupata tabu yoyote. Furaha ya kupita kiasi inakaa kwenye kipindi chochote. Ila Bi Mwanamvua alikuwa ameshangilia jambo ambalo halikutokea, na Ijumaa saa tatu asubuhi walikuja kumchukua, yeye, gazeti, na aproni arobaini na sita.

Nikakimbilia kwa Bwana Tindwa. Nilimkuta amesimama dirishani, na kwa mara ya kwanza alikuwa akiongea kwa sauti ya chini. Ilinitisha kuliko ile ya uwanja.

"Mheshimiwa, yule mama hakusema lolote. Ni mimi niliye..."

"Uliye nini?"

"Niliyeandika Jumanne."

"Chande," akasema, "ukisema uliandika Jumanne, utakuwa umesema ipo Kanuni ya Saba. Na mimi je, nilitia sahihi nini?" Akafunga dirisha. "Sisi hatuandiki hisia. Tunazipokea. Yule mama alizileta mwenyewe, sijui kazitoa wapi. Nenda kachukue kalamu mpya, wewe ndiye mwandishi wa kikao."

*

Baraza la Usahihi wa Hisia lilikaa Jumatatu. Mwenyekiti alikuwa Bwana Tindwa, amevaa suti nyingine, na sauti yake ilikuwa imerudi. Wajumbe wanne wa Baraza walikuwa ndio walioitunga Kanuni ya Saba. Mimi niliketi kwenye meza ndogo chini yao, na kumbukumbu zote za siku ile zimeandikwa kwa mkono wangu.

"Mtuhumiwa!" Mwenyekiti akanguruma. "Unashtakiwa kwa kushangilia, kwa makusudi na kwa vigelegele, tukio ambalo halikutokea. Unasemaje?"

"Baba, mimi siku ile sikupiga vigelegele," Bi Mwanamvua akasema. "Nilikaa kimya tangu mwanzo mpaka mwisho."

"Ulikaa kimya? Kapteni anapika supu na wewe umekaa kimya?"

Wajumbe wakanong'onezana. Shtaka la pili likaongezwa.

"Nani aliketi pembeni yako athibitishe?"

Bi Mwanamvua akageuza ile shingo yake iliyoegemea upande, akanitazama. Macho yake hayaoni vizuri, lakini meza yangu aliipata moja kwa moja. Nikasema moyoni, mtaje, mama, unitaje tu basi, mimi mwenyewe sitaweza.

"Simkumbuki," akasema. "Macho yangu siku hizi hayaoni pembeni."

Nikaandika: *Hamkumbuki.*

Mwenyekiti akamsomea gazeti. Alipofika kwenye nguo za kuanika, Bi Mwanamvua akashtuka kidogo, kisha akatabasamu kwa namna ya mtu aliyekutana na mtoto wake mahali asipotegemea.

"Maneno haya ni yako?"

"Ni yangu."

"Ulimwambia nani?"

Alijua. Nchi nzima aliyesikia maneno yale ni mmoja, na amekaa hatua nne kutoka miguuni pake na wino vidoleni.

"Niliiambia cherehani," akasema. "Sina mtu wa kuongea naye uani."

Baraza likaamuru cherehani ikamatwe kwa mahojiano. Kisha Mwenyekiti akasimama, akaugeukia ukumbi mzima na kuuliza kama yupo mtu yeyote anayejua maneno ya mama huyu yalifikaje gazetini. Ni utaratibu tu, swali hilo huulizwa kila kesi. Alipouliza hakunitazama, na wajumbe wanne nao walitazama dari. Tulikuwa watu saba mle ndani tunaojua jibu, pamoja na mshtakiwa, na kila mmoja alikuwa akimngoja mwenzake.

Nilikuwa na sentensi fupi. *Ni mimi, niliandika Jumanne.* Ilikuja mpaka kwenye meno. Nikainama, nikaandika: *Ukumbi ulikaa kimya.* Nimeandika uongo mwingi katika kazi yangu, lakini ile ilikuwa kweli, na ndiyo inayoniamsha.

*

Hukumu ilipangwa Alhamisi asubuhi, itoke gazetini Ijumaa. Kwa hiyo Jumanne ililetwa mezani kwangu ili niandike jinsi mhukumiwa alivyoipokea.

Ilikuwa hukumu ya huruma, yenyewe ilisema hivyo. Bi Mwanamvua atapelekwa Kituo cha Kutazama Upya, akatazame "Twende Zuhali" tangu kipindi cha kwanza, viwili kwa siku, mpaka aone sawasawa. Vipindi viko 1613. Ni miaka miwili na ushee, kwa mtu wa miaka sitini na minane anayetungiwa uzi na jirani. Katika vipindi hivyo Tatu ameshafutwa, na mlango wa jikoni unafunguka wenyewe. Na kama kawaida, chini ya hukumu palikuwa na onyo kwamba mhukumiwa atakayeipokea tofauti na ilivyoandikwa ataanza upya kila afikapo mwisho.

Chini ya onyo palikuwa na mistari mitatu mitupu. Nikakaa nayo tangu asubuhi mpaka ofisi ikafungwa. Ningeweza kuandika kwamba alilia, alikataa, alimtaja karani wa daraja la tatu anayekaa nyumba namba 19. Ukurasa ungepita bila kusomwa, Bwana Tindwa siku hizo alikuwa akisaini huku amefumba macho. Ijumaa nchi nzima ingejua. Mimi ningekwenda Kituoni na yeye angerudi kwenye pindo zake.

Nikaandika: *Aliipokea kwa tabasamu, akamshukuru Mwenyekiti kwa mikono miwili.* Kisha nikaenda nyumbani. Uani kwa jirani palikuwa kimya, na kwenye kitambaa dirishani zilikuwa zimebaki sindano tatu za wiki ile, zimeshatungwa nyuzi.

Alhamisi ukumbi wa Baraza ulijaa. Waliokuwa wateja wake walikaa nyuma na makoti ya Kapteni aliyowashonea. Mwenyekiti akaisoma hukumu yote, na onyo, kwa sauti ya uwanja. Kisha watu wote wakangoja apokee.

Bi Mwanamvua hakumtazama Mwenyekiti. Aliinama kidogo juu ya meza yangu, kama alivyokuwa akiinama kuniangalia natunga uzi, akasema kwa sauti ya uani ambayo hakuna mwingine aliyeisikia:

"Chande mwanangu, umeandika nimeipokeaje? Niambie, nisije nikakutia matatani."

"Ulitabasamu, mama," nikasema. "Ukamshukuru Mwenyekiti. Kwa mikono miwili."

"Hivi?"

Akatabasamu. Lilikuwa tabasamu zuri, la dirisha lililofunguliwa kwa ajili ya watoto wa nje, na lilikuwa langu peke yangu. Kisha akageuka, akanyoosha mikono yote miwili kwa Bwana Tindwa.

"Hivyo," nikasema.

Wakamtoa kwa mlango wa pembeni. Saa kumi kipindi cha 1614 kikaonyeshwa kama kawaida, kibendera cha kijani kikapanda, nikapiga makofi. Ijumaa gazeti likatoka, na Bwana Tindwa akaniita ofisini kunipa barua ya daraja la pili. Alisema katika miaka yote ya idara, ule ulikuwa ukurasa wa kwanza ambao haukuhitaji marekebisho.